Outlook ya mjomba imegoma, fundi anataka kupiga windo

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi simu inaita, kuangalia ni mjomba. Mjomba wangu hapigi simu asubuhi bila msiba kwaiyo nimepokea roho ishaanza kwenda mbio.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Kompyuta imekufa."

Nikashusha pumzi. Sasa "kompyuta imekufa" kwa lugha ya mjomba inaweza ikawa chochote kile, mwaka juzi ilikufa kumbe waya haujachomekwa, ikafa tena kumbe ameminya kitufe cha kuzima sauti. Nikamuuliza, inawaka? Inawaka. Intaneti ipo? "Ipo, si naangalia taarifa ya habari hapa." Sasa kilichokufa ni nini mjomba? "Barua."

Kwa msiojua, mjomba ana kaofisi kake Moshi mjini ka kupandisha wageni mlimani, ye na kijana mmoja wa ofisi, na wapagazi anaowaita msimu ukifika. Barua pepe kwake ndo ofisi yenyewe. Mgeni anaandika toka Ujerumani mwezi wa kwanza, wanajibizana miezi mitano, Machame au Marangu, siku sita au saba, mmoja wetu hali nyama, viatu vya kukodi namba ngapi, mpaka siku mgeni anatua KIA mwezi wa saba. Na mjomba hafuti kitu. Ukimwambia mwaka 2014 uliniahidi punguzo nikirudi, anakwambia subiri, anaitafuta barua, anaipata, na kama kweli aliahidi anakupa. Watu wazima wana mambo yao, huyu kwake barua ni kama hati ya kiwanja. Na saivi ndo mwezi wa saba wenyewe.

Nikamuuliza ukibonyeza Outlook, ile programu yako ya barua pepe, inakuwaje? Mnisikilize hapa jamani maana watu wanaruka hili swali. "Haifunguki" zipo za aina nyingi. Ipo ya kubonyeza na hakuna kinachotokea kabisa. Ipo ya kutokea kale kabango kadogo ka bluu afu kanapotea. Ipo ya kuganda pale pale inaposema inapakia profaili, yaani mipangilio ya akaunti yako, inabaki hapo mpaka chai inapoa. Na ipo ya kukuletea ujumbe wa Kiingereza ambao kila mtu anabonyeza OK bila kusoma afu anampigia mtu simu anasema hakuna kitu kilichoandikwa. Kila moja inakuelekeza sehemu yake. Mjomba akasema kwake kabango kanatokea, kanazunguka weee, afu kanapotea "kama hakajawahi kuwepo".

Cha kwanza nikamwambia minya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dakika nne zimeenda tunatafuta Shift. Ikafunguka ile Task Manager, nikamwambia angalia kwenye orodha ya programu zinazofanya kazi kama Outlook ipo. Akaniambia ipo, tena zipo tatu. Hii ni kawaida sana, programu ilishaanza kufunguka ikakwama nyuma ya pazia, huioni lakini ipo na imelishika faili lake, ukibonyeza tena unaongeza nyingine inakuja kukuta mlango umefungwa kwa ndani. Kwaiyo unazichagua moja moja unazimaliza, afu unafungua upya. Robo ya hizi kesi zinaishia hapa hapa, hiyo robo ni ya kukadiria kwa kichwa changu msije kunidai. Ya mjomba haikuishia.

Nikamwambia zima kompyuta. Akasema kila siku jioni anazima. Nikamuuliza anazimaje, akasema "si nafunika". Mwaka mzima mjomba anafunika laptopu, asubuhi anafunua, anadhani ameizima! Ile inalala tu. Na hata ukibonyeza kuzima kabisa, Windows za kuanzia namba 8 nyingi zina ule ujanja wa kuwaka haraka, hazisafishi kila kitu, zinahifadhi sehemu ya mfumo ili kesho ziwahi kuamka. Ukitaka ianze upya kweli chagua Restart. Akafanya. Outlook ikatoa kabango, kakapotea.

Tukaenda kwenye sefu modi. Hii ndo ningependa kila mtu wa ofisini aijue maana inapunguza ubishi. Unashika kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na R, kinatokea kiboksi, unaandika outlook.exe, unaacha nafasi, unaweka mkwaju, unamalizia na safe.

"Mkwaju? Mti?"

"Hapana mjomba, ule mstari ulioinama. Upo kwenye kitufe cha alama ya kuuliza."

"Sasa si useme mstari ulioinama."

Kazi ya sefu modi ni kuifungua Outlook bila vile vikorokoro vya nyongeza vinavyojipachika humo, vya antivairasi, vya PDF, vya mikutano ya video, kila programu ukiiweka inataka na yenyewe iwe na kitufe chake ndani ya Outlook. Ikifunguka kwa njia hii jua Outlook haina shida, mgonjwa ni mmoja wa wageni wake, unaingia kwenye mipangilio unavizima vyote afu unarudisha kimoja kimoja mpaka umpate mchawi. Ikigoma hata hivyo, basi shida ipo chini zaidi, ni profaili au ni faili la barua zenyewe.

Ya mjomba iligoma, ila safari hii ikaacha ujumbe. Nikamwambia usibonyeze kitu, piga picha nitumie WhatsApp. Picha ikaja imelala ubavu, kuna chupa ya chai, kuna kidole, na katikati kuna maneno kwamba dirisha la Outlook limeshindwa kufunguliwa na mkusanyiko wa folda haufunguki. Hapo nikajua tupo kwenye faili au kwenye profaili, na kwa simu hii kazi haiwezekani. Nikamwambia mjomba nakuja jioni, usiguse.

Saa sita anapiga tena. Anasema usisumbuke kuja, kapatikana fundi wa pale chini kwenye duka la simu, amesema hii ni ndogo tu, anapiga windo upya, yaani anafuta Windows na kuiweka mpya, kwa elfu ishirini, saa tisa kila kitu kiko sawa.

Jamani nilipiga kelele ofisini mpaka bosi akageuka.

Naomba nieleze hapa taratibu maana ndo kilichonifanya niandike. Outlook yenyewe ni programu tu, ukiifuta leo ukaiweka kesho hakuna aliyekufa. Barua hazikai ndani ya programu. Kama akaunti yako ni ya POP, barua zote zinakaa kwenye faili moja, moja tu, jina lake linaishia na herufi pst, na mara nyingi lipo kwenye Documents ndani ya folda inaitwa Outlook Files. POP inafanya kazi kama sanduku la posta, unaenda unafungua unabeba barua zako nyumbani, sanduku linabaki tupu. Kuna sehemu ya kuiambia iache nakala kwenye sava, ile kompyuta ya huko mtandaoni inayopokea barua zako, kwa siku kadhaa, ila siku zikiisha nazo zinafutwa huko, na aliyemfungulia mjomba akaunti hakuiweka kabisa. Kwaiyo barua za mjomba tangu 2011 duniani kote zilikuwa sehemu moja tu, kwenye hiyo laptopu, kwenye hilo faili moja. Ukipiga windo huku unasafisha diski C umezika miaka yote hiyo kwa elfu ishirini.

Wenye IMAP au zile akaunti za makampuni makubwa za Exchange wao barua zinabaki sava, na faili lao la kwenye kompyuta linaishia na ost, hilo ni nakala tu, hata likiharibika unaweza kulifuta likajijenga lenyewe upya intaneti ikiwepo. Herufi moja tu hapo, p na o, lakini moja ukiifuta unakunywa chai na nyingine ukiifuta unalia.

Na fundi simlaumu sana kiukweli. Watu tunawapelekea kompyuta tunasema "itengeneze" hatusemi ndani kuna nini, na kupiga windo ndo kitu kinachotatua matatizo mengi kwa mkupuo, simu inayofuata ya mteja asianze kusema bado inasumbua. Ila swali la kwanza lingetakiwa kuwa barua ziko wapi.

Nilitoka kazini saa kumi na nusu, Coaster ya Arusha kwenda Moshi ni kilomita kama 80 lakini ile inasimama Usa, inasimama Kikatiti, inasimama Boma Ng'ombe kununua mahindi ya kuchoma, nimefika giza limeingia. Mke wa mjomba kaniwekea mtori, kompyuta ipo mezani imefunikwa na kitambaa kama maiti.

Kuwasha tu nikaona la kwanza. Diski C ina kamstari kekundu. SSD ya GB 128, ambayo Windows inakuonyesha kama 119, na iliyobaki wazi ni MB 300 na kitu. Kumbe kila mgeni akishuka mlimani anamwachia mjomba picha na video za kileleni, mjomba anazimwaga zote Desktop, GB 46 za watu wanacheza na bendera Uhuru Peak. Outlook inahitaji nafasi ya kupumua, ikileta barua mpya faili linakua, diski ikijaa katikati ya kuandika ndo mambo yanaanza kuharibika. La pili, betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa waya tu, na wiki iliyopita umeme umekatika mara tatu mchana Outlook ikiwa wazi. Sasa jumlisha diski iliyojaa na umeme uliokatika ghafla, faili la GB 17 linafungwa kwa kukatwa kichwa. Niliona hata ajabu limevumilia mpaka leo.

Kabla ya kitu chochote nikatoa eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka, kwenye begi nikalinakili lile faili. Windows ikakataa, inasema linatumiwa na programu nyingine. Ndo wale mizimu wa kwenye Task Manager, wamerudi, nikawamaliza, ikakubali. GB 17 zimechukua kama nusu saa, nikamaliza mtori, nikaongezewa. Hii hatua msiiruke hata kama mna haraka ya namna gani, hata faili likiwa bovu, nakili hivyo hivyo bovu, maana dawa yenyewe inaweza ikaua.

Baada ya hapo nikahamishia zile video kwenye eksteno, diski ikapumua. Hapa kuna kitu nilikijua kwa kuumia miaka ya nyuma: kile kiprogramu cha kurekebisha faili la pst lililoharibika, kinaitwa scanpst, kinataka kutengeneza nakala ya faili kabla hakijalishika, kwaiyo kama faili ni GB 17 unahitaji GB 17 nyingine na zaidi wazi. Hakipo kwenye menyu, Microsoft wamekificha kama pombe, kwa Office 2016 na zilizofuata unakikuta ndani ya Program Files, Microsoft Office, root, Office16, unaingia kwa mkono. Unakionyesha faili, kinapita hatua nane, afu kinakwambia kimekuta makosa, unakubali kitengeneze.

Mara ya kwanza kimekaa dakika arobaini. Kimekuta makosa kikatengeneza. Watu wengi wanaishia hapo, mi nikakirudisha tena, kikakuta mengine, machache. Mara ya tatu ndo kikasema hakuna kosa. Unatakiwa urudie mpaka kiseme hivyo, si unajua ukifagia uwanja wa vumbi mara moja haitoshi. Saa tano usiku hiyo, mjomba amekaa pembeni yangu na tochi mkononi, sijui ya nini, umeme ulikuwepo.

Nikafungua Outlook. Ikatoa kabango kakapotea.

Kwa kweli nilitaka kucheka nikaona mjomba ananiangalia. Njia iliyobaki ambayo wengi wanaikimbilia ni kutengeneza profaili mpya kwenye Control Panel, pale kwenye alama ya Mail, na ni njia nzuri tu, lakini profaili mpya inataka pasiwedi ya akaunti. Nikamuuliza mjomba pasiwedi ni ipi, akasema anayo yule kijana aliyemtengenezea tovuti. Yuko wapi? "Alienda Dar." Lini? "Zamani."

Kwaiyo profaili ya zamani yenye pasiwedi ndani yake ikawa dhahabu, sikutaka kuigusa. Kuna amri nyingine ndogo, ile ile njia ya kitufe cha dirisha na R, unaandika outlook.exe, nafasi, mkwaju, afu resetnavpane vyote vimeshikana. Inachofuta ni mpangilio wa ule upande wa kushoto tu, folda zako ulizozipanga juu kama vipendwa zinarudi mwanzo, barua haigusi hata moja. Mpangilio huo unakaa kwenye kifaili kidogo cha xml chenye jina la profaili yako, nikaenda kukiangalia kabla, kipo, ukubwa wake sifuri. Sifuri kabisa! Diski ilijaa wakati kinaandikwa kikabaki ganda.

Nikaandika amri. Kabango. Kakazunguka. Nikashika pumzi, mjomba akawasha tochi. Ikafunguka.

Barua 212 zikaanza kuingia moja moja, na kwenye zile za zamani ikatokea folda mpya ya vilivyookotwa, ndani yake kuna barua arobaini na kitu ambazo scanpst imezikuta hazina kwao. Mjomba akaitambua ya kwanza tu kuisoma, akasema huyu mama wa Uholanzi nilidhani alikasirika hakunijibu. Ya 2017 hiyo. Akataka kumjibu saa sita usiku ile ile, mke wake akamwambia lala.

Asubuhi kabla sijaondoka nikaweka POP iache nakala sava siku 30, siku nyingi zaidi haiwezekani kisanduku chake cha sava ni kidogo. Ningependa kumhamishia IMAP lakini bila pasiwedi na kwa hiko kisanduku tungejaza wiki moja, hilo tutalifanya msimu ukiisha na yule kijana wa Dar akipatikana. Nikamwambia kijana wa ofisi kila Ijumaa afunge Outlook kwanza afu anakili faili kwenye eksteno, nikawaachia ile ya kwangu. Nikamwandikia na betri mpya ya kununua. Na ili faili kuu liwe jepesi, nikazitoa barua zote za kabla ya 2020 nikaziweka kwenye pst ya pembeni, nikaifungua ndani ya Outlook ionekane pale chini kushoto. Nikajiona fundi kweli, nikapanda Coaster.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi simu inaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Imekufa tena."

"Inafunguka?"

"Inafunguka, ila nikibonyeza zile za zamani inasema faili halionekani. Wewe ulizitoa ukazipeleka wapi?"

Nikakaa kimya kidogo. Ile pst ya pembeni niliiweka kwenye eksteno. Mi mwenyewe, ninayewaambia watu faili la barua lisifunguliwe kutoka kwenye kitu cha kuchomoa, kwa usingizi wa kukesha usiku nimeliacha huko huko na kulifungulia huko huko.

"Mjomba, ile eksteno nyeusi iko wapi?"

"Kijana kaichomoa jana. Kuna mgeni alitaka video zake, kaenda nayo hotelini."